Kabla ya Kuzima Makala na Gesi: Jiko la Umeme Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba unayesomewa ukurasa huu jioni,

Tangu mvua zianze, kuna swali linaloletwa dispanseri karibu kila juma, hata na watu waliokuja kufungwa kidonda cha mguu. Wameona kwenye telefone zao kwamba huko Ulaya na Marekani watu wanaondoa gesi majumbani na kubaki na umeme peke yake, wa kupikia, wa kuogea maji ya moto, wa kila kitu. Basi wananiuliza: "Muganga, ni kweli? Na sisi hapa Kazimia tutupe mbabula?" Wengine hawakungoja jibu. Wamekwenda Baraka au wamemwagiza ndugu Kalemie, wamenunua resho, wakaifunga kwenye waya wa taa. Kwa sababu ya hao wa mwisho nimeona heri niandike upesi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mimi ni mmoja wa wanaotamani siku ile umeme utakapofika jikoni.

Miaka iliyopita, nikiwa kijana katika kambi nyingine, mama mmoja aliingia asubuhi na watoto wake wawili. Wote watatu walikuwa na kichwa kinachouma, kutapika, na miguu isiyo na nguvu. Mume wake alikuwa kazi ya usiku, yeye hakuwa na neno. Nilipima joto la mwili: hakuna homa. Nilipima damu: hakuna malaria. Lakini huku kwetu malaria ndiyo jibu la kwanza la kila ugonjwa, nikasema kipimo kimekosea, nikawapa vidonge. Wakakaa barazani mwa dispanseri hadi saa sita mchana, wakapata nafuu kabla dawa haijafanya kazi yo yote. Mimi nikafurahi kwamba dawa yangu ni kali! Wakarudi nyumbani. Usiku ule mvua ikanyesha tena. Alfajiri baba alipotoka kazini alikuta mlango umefungwa kwa ndani, akagonga, hakuna anayejibu, majirani wakauvunja. Mama na mtoto mkubwa walipona. Mdogo tulimzika siku ile ile.

Nilipoingia chumbani nikaona kila kitu nilichopaswa kuuliza siku iliyotangulia. Mbabula ilikuwa kando ya kitanda, makala yamekuwa majivu. Dirisha limezibwa kwa gunia ili baridi isiingie.

Kilichomuua mtoto yule ni hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Inatoka kila mahali ambapo kitu kinaungua bila hewa ya kutosha: makala, kuni, gesi, petroli, mazuti. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu kama moshi. Ndiyo maana makala yaliyoiva vizuri, mekundu, yasiyotoa moshi, yanadanganya watu kuliko kuni. Katika damu yetu mna kitu chekundu kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Hewa hii mbaya inapoingia inashikamana nacho kwa nguvu inayopita ile ya hewa safi mara 200 na zaidi, na haitaki kukiachia. Mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo vinakosa chakula chao. Akiwa amelala, haamki.

Sasa sikiliza alama zake, maana ni rahisi kuzichanganya na malaria. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, mtu anapepesuka kama mlevi, na homa hakuna. Alama kubwa ni hii: watu wa nyumba moja wanaugua pamoja, katika saa zile zile, na wakitoka nje wanapata nafuu. Malaria haipangi watu wanne kwa saa moja. Ukiona hivyo, usiulize kwanza ni dawa gani. Fungua mlango, toa watu nje, zima moto, ndipo uwalete. Hata kile chombo kidogo tunachobana kidoleni kupima hewa ya damu kinadanganywa. Kinaonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anakufa, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha hewa safi na ile mbaya. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua kama saa 5 kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi ya chupa, saa moja na kidogo.

(Wale waliokaa Goma wanajua mazuku, hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inayoua mbuzi na wakati mwingine watu. Ile ni hewa nyingine, dioksidi ya kaboni, ya volkano. Msichanganye. Mazuku hukaa chini kwenye shimo, lakini hewa ya mbabula inajaa chumba kizima.)

Hiyo ni sumu ya usiku mmoja. Kuna ile ya polepole, ya moshi wa kila siku. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka 5. Wanakufa kwa nimonia, kwa moyo, kwa mapafu yaliyochakaa. Sisi wanaume tunaochimba tunapewa barakoa kwa ajili ya vumbi la mwamba. Mama anayeinama juu ya kuni saa tatu kwa siku, mtoto mgongoni, hakuna aliyempa kitu.

Tuje kwenye gesi. Kantini nyingi za makambi hutumia gesi ya chupa, na baadhi yenu mmeinunua kwa ajili ya nyumba. Ukilinganisha na kuni na makala, gesi ni hatua kubwa mbele, nami sitamkemea mtu anayeitumia mahali penye hewa. Mwali wake uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, inaungua vibaya na inatoa ile ile hewa iliyoua mtoto. Gesi ya chupa ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inateremka chini na kukaa sakafuni, chini ya kitanda, ndani ya shimo, ikingoja cheche. Kwa hiyo chupa haiwekwi ndani ya handaki wala chumba kilicho chini ya ardhi. Kutafuta mahali inapovuja ni kwa povu la sabuni juu ya bomba, wala si kwa kibiriti. Ukisikia harufu yake usiku usiwashe taa, usizime taa. Funga chupa, fungua mlango, toka.

Gesi asilia, ile ya mabombani huko Ulaya, ni ndugu mwingine. Ni metani, nyepesi kuliko hewa, inapanda. Wachimbaji wa makaa ya mawe wanaijua, maana katika migodi ya aina ile ndiyo inayolipuka. Ikifika sehemu 5 hadi 15 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha.

Je, ni kweli wanaiacha? Ni kweli kwa kiasi, na si kila mahali. Uholanzi iligundua gesi nyingi sana huko Groningen mwaka 1959, ikatandaza mabomba karibu kila nyumba. Kisha ardhi iliyotolewa gesi ikaanza kutikisika. Mwaka 2012 tetemeko la kijiji cha Huizinge lilipasua kuta za watu. Tangu Julai 2018 nyumba mpya huko hazifungiwi tena bomba la gesi, na mwaka 2024 sheria ilifunga kisima kile moja kwa moja. Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia majengo mapya kuchoma gesi. Lakini mji wa Berkeley, California, uliotangulia mwaka 2019, ulishindwa mahakamani mwaka 2023 na kuiondoa sheria yake. Basi msidhani ni jambo lililokwisha. Sababu zao ni mbili tatu: joto la dunia linaloongezwa na gesi hizi, hatari ya mlipuko, na afya, kwa kuwa mwali wa gesi hutoa dioksidi ya nitrojeni inayowasha mapafu ya watoto wenye pumu.

Tena si mara ya kwanza watu kubadili moto wa nyumba nzima. Uingereza, kati ya 1967 na 1977, ilibadili majiko ya nyumba zaidi ya milioni 13, kutoka gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe hadi gesi asilia ya baharini. Ile ya kwanza ilikuwa na monoksidi ya kaboni ndani yake hata kabla ya kuwashwa; bomba likivuja tu, watu walikufa kitandani. Mafundi walipita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, kwa miaka 10. Nawaambia haya ili mtu asifikiri kwamba kubadili jiko ni kununua chombo sokoni tu.

Karibu na kwetu mambo yamekwenda kwa njia yake. Ziwa Kivu lina metani nyingi chini ya maji yake, kama kilomita za ujazo 60. Tangu mwaka 1963 sehemu ndogo ilitolewa upande wa Gisenyi ikapelekwa kuchemshia mitungi ya kiwanda cha bia. Mwaka 2016 kituo cha KivuWatt, ng'ambo huko Rwanda, kilifunguliwa kikiwa na nguvu ya megawati 26. Gesi inachomwa ndani ya mashini kubwa kando ya ziwa, na kinachofika nyumba za watu ni umeme. Hatari inabaki kiwandani chini ya macho ya mafundi. Tanzania nayo iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuitumia mwaka 2004, na sehemu kubwa huenda kwenye mashini za umeme za Dar es Salaam; nyumba zenye bomba la gesi ni chache. Mwaka 2024 serikali yao ilitoa mpango wa miaka 10 wa kuwaondoa watu kwenye kuni na makala.

Hapa kwetu Kongo tuna maji. Ruzizi ya kwanza inazungusha mashini tangu miaka ya 1950, ya pili tangu 1989. Upande wa Kalemie kuna Bendera, kwenye mto Kyimbi, iliyojengwa kabla ya uhuru. Huko Rutshuru, kituo cha Matebe cha megawati 13 hivi kilifunguliwa mwisho wa mwaka 2015, na nia mojawapo ilikuwa kupunguza makala yanayokatwa katika mbuga ya Virunga. Maana kilo moja ya makala inakula kilo 6 za miti na zaidi katika tanuru zetu za udongo. Lakini katika nchi nzima ni karibu mtu mmoja kati ya watano tu mwenye umeme, na vijijini ni wachache zaidi. Kando ya ziwa hapa, usiku ukiingia, tunachokiona ni taa za wavuvi wa ndagala.

Sasa hesabu, na mniwie radhi, mimi si fundi wa umeme. Nilimwomba fundi wetu anisahihishe kabla ya kuandika.

Taa ndogo ya siku hizi inakula wati 10. Resho moja ya kawaida inakula wati 1,500. Maana yake resho moja ni sawa na taa 150. Umeme wa volti 220 ukiipa resho hiyo, waya unabeba karibu ampere 7. Waya wa taa, ule mwembamba mnaoununua kwa mita sokoni, haukufanywa kwa mzigo huo. Unapata moto polepole ndani ya ukuta au juu ya dari ya nyasi, plastiki yake inalainika, nyaya mbili zinagusana. Wewe uko kazini. Juma lililopita mwenzetu mmoja aliniletea mkono ulioungua kwa kuchomoa priza iliyoyeyuka. Alikuwa na bahati. Resho inahitaji waya wake peke yake, wa milimita 2.5 za mraba, unaotoka kwenye kisanduku chenye swichi inayojikata yenyewe mzigo ukizidi. Iwe na waya wa ardhi, na ile swichi ya usalama ya miliampere 30 inayokata umeme mara tu unapoanza kupitia mwilini mwa mtu. Bila hivyo, mkono wenye maji ukigusa sufuria ya chuma, moyo unaweza kusimama.

Tena umeme utoke wapi? Ukiwa na jenereta ya kilowati 20, ile mnayoita grupu, inabeba resho 13 tu. Ya 14 ikiwashwa, kambi nzima gizani, pamoja na friji ya chanjo zangu. Lita moja ya mazuti inatoa kama kilowati-saa 3, na familia inayopika kwa resho asubuhi na jioni inaweza kuzimaliza kwa siku. Hiyo ni kuchoma mazuti mbali ili kupika hapa. Moshi umehama nyumbani, mfuko umetoboka. Na grupu yenyewe inatoa ile ile monoksidi ya kaboni. Asije mtu akaiingiza ndani au barazani kwa kuogopa wezi!

Vibao vya jua? Kibao cha wati 50, jua kali la saa 5, kinakusanya wati-saa 250 kwa wingi. Resho inazila kwa dakika 10. Kibao chako ni cha taa na telefone, kiache na kazi yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza ni kwamba jiko la umeme ni zuri kwa afya kupita yote niliyotaja, lakini linataka umeme wa maji au mtambo mkubwa wa jua, na waya wa kweli. Mahali penye umeme huo lakini mdogo, nunueni sufuria ya presha ya umeme badala ya resho. Inafunga mvuke ndani, imevikwa nguo ya kuzuia joto, inajizima na kujiwasha. Maharagi yanayokula makala kutwa yanaiva ndani yake kwa chini ya nusu ya kilowati-saa. Sombe pia, mihogo pia. Msinunue zile za sumaku zinazobaki baridi juu kabla ya kujaribu sufuria zenu. Chukua kipande cha sumaku, kibandike kwenye tako la sufuria. Kisiposhika, jiko lile halitaitambua. Sufuria zetu za alumini zinazoyeyushwa na mafundi wa hapa hazishiki.

Jambo la bugali nimelisikia kwa akina mama wengi na nakubali wana haki. Bugali inasongwa kwa nguvu, na resho nyepesi juu ya kigoda inacheza, inateleza, sufuria inamwagika kwenye mapaja ya mtoto aliyekaa karibu. Waliotengeneza chombo kile hawakusonga bugali maisha yao. Iwekwe chini, juu ya sakafu kavu na ngumu, izungushiwe matofali ili isisogee, au mteremshe sufuria msongee chini kama kawaida. Maji ya moto yakimwagika, mwagia mahali palipoungua maji baridi safi dakika 20 kamili. Si mafuta, si dawa ya meno, si unga. Ninaona vidonda vibaya kwa sababu ya dawa ya meno kuliko kwa sababu ya moto wenyewe.

Na mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata swichi kubwa kwanza. Kama huwezi, msukume mbali na waya kwa mti mkavu, wewe mwenyewe ukisimama juu ya ubao mkavu. Asipovuta pumzi, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache hadi tufike. Mtu mwingine akimbie kutuita.

Wakati tukingoja, mbabula ipikie nje au barazani, na ikiisha kazi ibaki huko huko usiku kucha, mvua inyeshe isinyeshe. Mtoto akisikia baridi, mfunike blanketi la pili. Na wale wenye resho kwenye waya wa taa, mfungue leo jioni kabla ya kulala, kisha kesho mpite kwa fundi wa umeme aangalie ukuta. Ameniahidi hataandika jina la mtu.